Ishirini kwa Ishirini

Jamani, mimi nakaanga chipsi. Natanguliza hilo kwa sababu siku hizi wateja wakisubiri zege, yaani chipsi mayai, wananiuliza habari za Baraza la Ardhi, kama vile nina joho nyuma ya karai. Sheria sikuisomea. Nimeinunua, pamoja na kiwanja, kwa milioni nne, huko mbele ya Chanika, pembezoni mwa Dar, na mtaa sitautaja maana kesi bado ipo.

Chanzo ni dalali. Wa kwangu, akitembea kuelekea kwenye bodaboda, anaruka kama swala. Akipima kiwanja, anatembea kama bi harusi anaingia ukumbini. "Ishirini huku, bosi. Ishirini kule." Ishirini zilikuwa kweli, nilizihesabu mwenyewe. Nilipokuja kupima kwa futi kamba nikapata mita kumi na moja kwa kumi na mbili. Hapo nilikuwa nimeshamlipa hela ya kuonyeshwa, na hela ya udalali, na soda.

Muuzaji alikuwa mzee mpole mwenye kikohozi. Kila nikitaka kupunguza bei anakohoa, namuonea huruma, naacha. Mkewe alikuwa pembeni anamenya mihogo, kimya. Mama watoto akaninong'oneza tutafute wakili. Nilikuwa nimeshamuuliza mmoja: kwenda eneo la tukio, kuulizia, kuandika mkataba, laki tatu. Laki tatu! Hayo ni magunia ya viazi, na kiazi angalau nakiona kinapoingia kwenye mafuta. Maneno ya wakili yanaingia wapi?

Tukaenda stesheneri. Kijana akafungua mkataba uliokuwa tayari kwenye kompyuta, akabadilisha majina, buku tano, kwisha. Sikuusoma. Nimekuja kuusoma mwaka huu, mbele ya watu, na kipengele cha nne kinasema: "Muuzaji anathibitisha kuwa chombo hiki hakidaiwi faini ya trafiki." Ulikuwa mkataba wa pikipiki.

Halafu ofisi ya mtaa. Muhuri ule ulikula asilimia kumi, laki nne taslimu. Wakili aliponiuliza baadaye ni sheria ipi imeandika asilimia kumi, nilimjibu ni sheria ya kwamba muhuri alikuwa nao mwenyekiti.

Basi nikawa mwenye kiwanja. Kila nikienda nakikuta kimefyekwa, kisafi, hata jani. Nikamwambia mama watoto, huu mtaa una watu wema, nyasi zangu wananifyekea na hata jina langu hawalijui. Ilichukua miezi mitano mpaka tukakutana Jumamosi moja, wanaume watatu, kila mmoja na panga lake, kila mmoja anawashukuru wenzake kwa kumsaidia usafi.

Mikataba mitatu, mzee yule yule, muhuri ule ule. Mmoja Januari, mimi Machi, mwingine Juni. Mimi ni wa kati, nafasi ambayo haina faida yoyote duniani, hata kwenye daladala. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akavaa miwani, akaitazama mihuri yake kwa mapenzi kabisa, akasema: "Mimi nilishuhudia kwamba mmelipana. Hela si zililipwa? Sasa nilikosea wapi?"

Hapo ndipo nilipomrudia wakili, na bei nayo ilikuwa imekua, milioni moja na nusu. Akanieleza kwamba ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba yetu, iko kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999. Nikamuuliza, kumbe mimi nimenunua nini? "Haki ya kuitumia." Sawa. Na haki yenyewe nina theluthi.

Nikamuuliza kama angenitafutia kwenye kompyuta za Ardhi. Akasema kiwanja chenye hati, mtu unafanya upekuzi kwa msajili unaona mmiliki na kama kimewekwa rehani. Changu hakijapimwa, hakuna bikoni za mipaka wala namba, kwa hiyo upekuzi wake ni miguu: majirani, mjumbe, watoto wa mzee, mkewe. "Mkewe ulimuuliza kama ameridhia? Si alikuwa analima hapo? Sheria inamtaka mnunuzi aulize." Nilimuuliza, nikasema. Nilimuuliza kama mihogo ile ni ya kuchemsha au ya kukaanga.

Kumbe mama yule naye ana lake. Shamba walilifyeka wote wawili, na yeye hakuridhia kuuza hata mara moja, sembuse mara tatu. Mzee? Kikohozi kimempeleka Tanga kwa ndugu.

Tukaanza Baraza la Kata. Zamani walikuwa wanaamua, tangu mabadiliko ya 2021 wanasuluhisha tu, wana siku thelathini, ikishindikana unapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Walitusuluhisha vizuri sana. Walipendekeza tugawane. Mita kumi na moja kwa kumi na mbili, gawanya kwa watu watatu, ukitoa njia! Mimi ningepata pa kuweka karai na kiti kimoja cha mteja.

Sasa tuko wilayani. Kule neno unalolisikia kuliko yote ni "limeahirishwa". Nafunga kibanda, nalipa nauli, nakaa kwenye benchi, wakili wa mwenzangu ana udhuru, limeahirishwa, narudi kumenya viazi. Nikasikia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imefika upande wetu, bure, nikawahi alfajiri. Foleni mbele yangu nani? Wa Januari. Nyuma yangu? Wa Juni. Yule mwanasheria wa watu alipofika kwangu akakunja uso: "Mbona hii nimeisikia sasa hivi?" Nikamwambia subiri, utaisikia tena.

Mwezi uliopita nimenunua kibao na rangi nyekundu, nikaandika KIWANJA HIKI HAKIUZWI, na namba yangu ya simu chini. Msije mkafanya kosa hilo. Napigiwa saa mbili asubuhi, napigiwa saa nne usiku. "Kaka, pale unauza bei gani?"

Juzi kapiga dalali. Sauti nikaijua, ni yeye bi harusi wangu, namba mpya, mimi hanikumbuki. Anasema ameokota namba kwenye kibao, amedhani ni dalali mwenzake, tugawane mteja. Kuna kiwanja hapo hapo, ishirini kwa ishirini, mwenyewe ana shida ya haraka, milioni tano na nusu, maongezi yapo.

Nikamuuliza, hakina mgogoro?

"Mgogoro utoke wapi, bosi? Pasafi pale. Kila Jumamosi kuna watu wanapafyeka."