Otto Graham anastahili kutajwa kwanza

Kila msimu wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, unapoisha, mabishano hurudi palepale: nani kwotabeki, yaani mrushaji pasi anayeongoza mashambulizi, bora kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huo? Vijana humtaja Tom Brady, waliowatangulia humtaja Joe Montana, na wapenda historia hufika hadi kwa Johnny Unitas wakaishia hapo. Inaniuma, kwa sababu ukirudi nyuma miaka michache tu, hadi Cleveland ya mwaka 1946, unamkuta mtu ambaye rekodi yake haijafikiwa hadi leo.

Brady alicheza misimu 23, akafika fainali 10, akatwaa mataji 7. Otto Graham alicheza misimu 10 akiwa na Cleveland Browns, akafika fainali 10, akatwaa mataji 7. Maana yake ni kwamba tangu alipoanza mwaka 1946 hadi alipostaafu baada ya msimu wa 1955, hakuna mwaka hata mmoja ambao timu yake ilikosa fainali.

Najua pingamizi litakalofuata. Mataji manne ya mwanzo, 1946 hadi 1949, hayakuwa ya NFL. Browns walikuwa kwenye ligi pinzani iliyoitwa AAFC, na kwa miaka mingi NFL ilikataa kuzihesabu takwimu za ligi hiyo. Ndiyo maana Miami Dolphins ya 1972 iliimbwa kwa muda mrefu kama timu pekee iliyomaliza msimu bila kufungwa, ilhali Browns ya 1948 ilishinda mechi zote 14 za msimu, kisha ikaichapa Buffalo 49-7 kwenye fainali. Watu wa NFL walikuwa wakisema ligi ile ni ya watoto.

Jibu lilipatikana uwanjani. Mwaka 1950 Browns waliingizwa NFL, na mechi yao ya kwanza wakapangiwa Philadelphia Eagles, mabingwa wa 1948 na 1949, tena ugenini mbele ya watu zaidi ya 71,000. Wengi waliamini wageni wangeaibishwa. Graham alirusha pasi za jumla ya yadi 346, tatu kati yake zikiwa za tachidauni, yaani zilizofikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani na kuleta pointi, na mechi ikaisha 35-10. Kocha wa Eagles, Greasy Neale, aliwabeza kwamba timu inayorusha mpira kiasi kile ingefaa icheze kikapu. Basi Desemba waliporudiana, Browns walishinda 13-7 bila hata pasi moja kuingia kwenye takwimu rasmi. Napenda sana habari hiyo.

Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo walicheza fainali na Los Angeles Rams, Cleveland, kwenye baridi kali na uwanja ulioganda kiasi kwamba wachezaji wa Browns walivaa raba. Rams waliongoza 28-20 katika robo ya mwisho. Pengo likapunguzwa hadi pointi moja, kisha Graham, akikimbia na mpira dakika za mwisho, akagongwa na kuupoteza. Mtu mwingine angevunjika moyo pale. Ulinzi wa Browns uliurudisha mpira kwake, muda ukiwa umebaki chini ya dakika mbili, naye akaisogeza timu hatua kwa hatua, mara kwa pasi, mara kwa miguu yake, hadi mpiga mateke wao, Lou Groza, akapata nafasi ya kupiga teke la ushindi: 30-28. Siku hiyo Graham alikuwa amerusha pasi nne za tachidauni.

Wapo pia wanaosema akili ilikuwa ya kocha Paul Brown, kwa kuwa ndiye aliyechagua kila shambulizi na kutuma maelekezo uwanjani kupitia wachezaji waliokuwa wakipokezana kuingia. Ni kweli alichagua. Lakini mwaka 1956, Graham alipoondoka, Browns ilipata ushindi mara 5 na kufungwa mara 7, msimu wake wa kwanza wa kufungwa zaidi kuliko kushinda. Brown hakutwaa tena taji la NFL akiwa kocha mkuu, hata baada ya kumpata Jim Brown, mchezaji wa kukimbia na mpira ambaye wengi humwona hana mfano.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya rangi. Ligi za wakati ule ziliwafungia mlango wachezaji wengi Weusi, na hilo linagusa rekodi ya kila mchezaji wa zama zile, Graham akiwemo. Ila Browns walikuwa miongoni mwa waliouvunja mlango huo: Marion Motley na Bill Willis walisajiliwa 1946, mwaka mmoja kabla Jackie Robinson, mchezaji Mweusi, hajaingia ligi kuu ya besiboli. Motley ndiye aliyemkinga Graham na mabeki wakali kila aliporudi nyuma kurusha, na yeyote anayemsifu Graham bila kumtaja Motley anasimulia nusu ya habari.

Siku mbaya alikuwa nazo. Fainali ya 1953 dhidi ya Detroit Lions alirusha pasi 15, mbili tu zikapokelewa, wakafungwa 17-16. Ilikuwa fainali ya tatu mfululizo kupoteza. Mwaka uliofuata alikutana na Lions walewale: akarusha pasi tatu za tachidauni, akafunga nyingine tatu kwa miguu yake, ikawa 56-10. Alitaka kustaafu, akaombwa arudi, na mwaka 1955 akawafunga Rams 38-14 huko kwao Los Angeles, ndipo akaondoka akiwa bingwa.

Hadi leo, hesabu ya wastani wa yadi kwa kila pasi inayorushwa katika maisha yote ya mchezaji NFL inaongozwa na yeye, karibu yadi 9, ingawa sheria za sasa zinawalinda warushaji na wapokeaji kuliko zamani. Mimi namweka wa kwanza, Brady wa pili, Unitas wa tatu.