Benny Hill: alionewa, au muda wake ulikuwa umeisha?

Klipu ya watu wanakimbizana ikiwekewa ule muziki wa saksofoni wa haraka haraka, hapo ni Benny Hill huyo, mchekeshaji wa Uingereza, hata kama aliyeiposti hamjui. Alizaliwa Southampton 1924, jina lake halisi Alfred Hill, na kabla ya umaarufu aliwahi kuwa muuza maziwa, anapeleka nyumba hadi nyumba. Jukwaani alihangaika sana, mjini Sunderland walimzomea, kilichomtoa ni tivii, BBC kwanza halafu kituo cha Thames kuanzia 1969, na mwaka 1971 kipindi chake kimoja kilitazamwa na zaidi ya watu milioni 21 Uingereza tu.

Halafu 1989 Thames wakamwachisha, baada ya miaka 20, na ubishi haujaisha mpaka leo, maana wapo wanaosema vichekesho vyake vilidhalilisha wanawake.

Wanaomtetea wanasema anayechekwa pale siku zote ni mwanaume, lile zee lenye tamaa analoliigiza, ambalo halipati kitu, na mwishoni wanawake ndo wanalikimbiza. Mi nakubali nusu tu. Tangu alipoleta wale wasichana wa kudansi, Hill's Angels, kamera inazunguka kwenye mapaja na vifua muda mrefu na hakuna kichekesho chochote pale, sasa kama tunalicheka zee mbona kamera nayo inaangalia kwa macho ya zee?

Na kuna kitu watetezi wanakipita mbio, yule Mchina wake Chow Mein, Kiingereza kinavunjwavunjwa makusudi, pia kujipaka rangi usoni aigize watu wa rangi nyingine. Hapo hamna cha zee wala tamaa, mtu anachekwa kwa sababu ni Mchina basi. Mimi kama Mwafrika siwezi kuambiwa eti zilikuwa enzi zile, hao waliokuwa wanaigizwa nao walikuwepo enzi hizo hizo.

Lakini kipaji jamani alikuwa nacho! Anaandika karibu kila kitu mwenyewe, anaigiza watu sita kwenye skechi moja, na zile za kimya kimya, na kale kazee kenye upara, Jackie Wright, kanapigwa makofi ya utosini, hazihitaji kujua Kiingereza ndo maana ziliuzwa nchi zaidi ya 100. Hata nyumbani kwa Charlie Chaplin Uswisi kulikuwa na kanda zake, familia ilimwonyesha Hill mwenyewe alipoenda. Kwa mchekeshaji hiyo nadhani inazidi tuzo zote.

Sasa wengi wanaamini kipindi chake kiliuliwa na wachekeshaji vijana wa siasa za mrengo wa kushoto kama Ben Elton, waliokuwa wanamsema hadharani. Mi naona wanawapa nguvu wasiyokuwa nayo. Bosi wa burudani wa Thames, John Howard Davies, sababu alizotoa ni watazamaji kupungua, gharama kubwa na mwenyewe kuonekana amechoka, yaani hesabu za ofisini, na kwa hesabu hizo sioni kosa.

Kosa nalionea kwenye namna. Jamaa hakuwa na mke, hana mtoto, anapanga fleti Teddington karibu kabisa na studio, kazi ndo ilikuwa familia, halafu anaitwa ofisini anaambiwa imetosha. Aprili 1992 akafariki ndani ya fleti hiyo, miaka 68. Thames walikuwa na haki ya kufunga kipindi, ila mtu aliyewaingizia hela miaka 20 walikuwa wanadaiwa angalau shoo moja ya kuaga watazamaji wake.