Pesimeka hewani: tuzime mawasiliano au tuyaache?

Agosti 2017, watu wapatao 465,000 nchini Marekani wenye pesimeka za Abbott, kampuni iliyokuwa imeinunua St. Jude Medical, walipewa habari isiyopendeza. Kifaa kilichoshonewa kifuani mwao kuusaidia moyo kupiga kilikuwa na mwanya. Mtu aliye karibu, mwenye vifaa vinavyouzwa madukani, angeweza kukiingilia kwa mawimbi ya redio, akaimaliza betri au akavuruga mapigo.

Sasisho la programu lilikuwepo, ila halikuwa la kujipakua usiku mgonjwa akiwa usingizini. Ilibidi aende kliniki, kichwa cha mashine ya kuprogramu kiwekwe juu ya kifua, kisha kwa takriban dakika 3 kifaa kiache mpangilio wake na kupiga kwa mwendo mmoja tu, mapigo 67 kwa dakika, mpaka kazi iishe. Kwa uzoefu wa masasisho ya awali, kampuni ilikadiria kwamba kifaa kingeweza kufa kabisa kwa asilimia 0.003. Inaonekana si kitu, lakini kwa watu wote 465,000 ni kama 14. Upande wa pili wa mizani hapakuwa na taarifa ya mgonjwa hata mmoja aliyedhuriwa na mdukuzi. Kwa mtu ambaye moyo wake hausogei bila pesimeka, sielewi nani angethubutu kumwita mwoga kwa kusita.

Tatizo zima limo humo. Hatari ya udukuzi imethibitishwa maabara, lakini hatari za kujikinga nazo zipo, na zina takwimu.

Wanaotetea mawasiliano ya mbali wana hoja nzito. Kisanduku kinachokaa kando ya kitanda husoma kifaa na kutuma taarifa kwenye seva, na daktari anaona waya uliokatika au mapigo yaliyovurugika bila kungoja miadi. Katika utafiti wa IN-TIME uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa wa moyo dhaifu waliofuatiliwa hivyo kila siku walifariki asilimia 3.4 ndani ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 8.7 ya wenzao. Hata hivyo tusishangilie mapema. REM-HF, utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 1,650, haukuona tofauti yoyote ya maana. Huko taarifa zilisomwa kila wiki, siyo kila siku. Nionavyo, kisanduku chenyewe hakiponyi mtu. Anayeponya ni yule anayeisoma taarifa leo na kupiga simu leo.

Wenye wasiwasi nao hawajatunga hadithi. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walionyesha kwamba difibrileta ya kupandikizwa, ile inayoushtua moyo kwa umeme, inaweza kusomwa na hata kubadilishwa mipangilio kwa redio ya kujiundia. Mwaka 2007 daktari wa Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alikuwa ameshazima mawasiliano ya kifaa cha mgonjwa wake kwa kuhofia mauaji. Halafu mwaka 2019 ikabainika kuwa mfumo wa redio uitwao Conexus, wa Medtronic, kampuni nyingine ya vifaa vya moyo, haukusimba taarifa (kuzifumba asizisome mwingine) wala kuuliza anayezungumza nao ni nani. Hata kubisha hodi hakukuhitajika. Pamoja na hayo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwashauri wagonjwa waendelee kuviacha visanduku vikiwa vimechomekwa, kwa sababu faida ilizidi hatari. Nakubaliana nao.

Nisichokubaliana nacho ni utetezi unaosikika mara kwa mara kwamba mlango lazima uwe wazi kwa ajili ya dharura. Ni kweli, mgonjwa aliyezimia mbali na kwao hawezi kutaja nywila, na daktari asiyemjua lazima akifikie kifaa mara moja. Lakini dharura hiyo inahitaji ukaribu tu, kichwa cha mashine kikigusa kifua. Muuaji aliyefika karibu kiasi hicho hana haja ya redio. Dharura haielezi kwa nini kifaa kipokee amri kutoka umbali wa mita 6 bila kumtambua mtoaji, wala kwa nini kisanduku cha nyumbani kiachwe na mianya. Hiyo ni kazi iliyofanywa nusu, na wagonjwa wakabebeshwa nusu iliyobaki.

Hata namna mianya ya St. Jude ilivyofichuliwa inatia kichefuchefu kidogo: mwaka 2016 kampuni ya uwekezaji Muddy Waters iliitangaza huku ikiwa imejiweka kupata faida hisa za St. Jude zikianguka. St. Jude ilikwenda mahakamani. Januari 2017 FDA ikathibitisha kuwa mianya ipo kwenye kisanduku. Nia chafu, basi, haikuifanya habari kuwa ya uongo.

Faragha nayo isisahaulike. Huko Ohio, taarifa za pesimeka zilitumika kumfungulia mtu mashtaka ya kuchoma nyumba yake, baada ya daktari kusema mapigo hayakulingana na maelezo yake. Hapo hapakuwa na mdukuzi. Polisi walikuwa na kibali cha mahakama.

Tangu Machi 2023 sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji anayeomba idhini ya kifaa kipya chenye kuunganishwa na mtandao aeleze atakavyofuatilia na kuziba mianya, na aorodheshe programu zilizomo ndani. Ni hatua nzuri, ila inahusu maombi mapya. Pesimeka iliyopandikizwa kabla ya hapo inaweza kukaa kifuani miaka kumi, na mwenye nayo bado anangoja barua ya mtengenezaji, ikija.