Kupiga msasa si kujifunza useremala

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye karakana moja ya useremala huku Ngamiani, Tanga, fundi akimjaribu kijana aliyetoka kumaliza kifungo cha miaka kadhaa katika gereza moja la bara. Akampa randa na ubao wa mtiki wa Longuza. Kijana akaupiga randa mpaka ukateleza. Fundi akauliza: "Haya mwanangu, kitanda cha tano kwa sita kinakula mbao ngapi?" Kimya. Huko ndani yeye alikuwa mtu wa randa na msasa, vipimo vilishikwa na wengine.

Wanaopinga wafungwa kufundishwa ufundi husema mzazi uraiani anahangaikia ada ya mwanawe, iweje mwizi asome bure? Uchungu huo naujua, ila mwizi huyo atarudi mtaani kwetu, awe na ufundi au asiwe nao. Hoja inayonisumbua zaidi ni ya mafundi wenyewe: karakana ya gereza hailipi vibarua kama wao wanavyolipa, kisha wanakutana nayo kwenye soko lilelile la madawati na makabati.

Wanaotetea hujibu kwamba kazi yenyewe ndiyo darasa. Nusu ya kweli. Oda ikibana, msimamizi atamwacha kila mtu kwenye kile anachokiweza, na aliyezoea msasa atabaki na msasa. Kanuni za Mandela za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza mafunzo ya mfungwa kuwekwa nyuma ya faida ya karakana. Kwa hiyo gereza kuuza meza si kosa. Mimi ningeuliza tu: aliyeitengeneza anaweza kuitengeneza peke yake?

Halafu kuna hesabu ya muda, ambayo watetezi huiruka. Aliyefungwa mwaka mmoja, akipunguziwa theluthi kwa tabia njema, anakaa miezi 8. Hatua ya kwanza ya ufundi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huchukua kama mwaka. Wa vifungo vifupi, ambao ndio wanaorudi uraiani mapema, kozi kamili haiwafai.

Njia ipo, tena si ngeni. VETA huwapima mafundi waliojifunzia mtaani kwa kuwaangalia wakifanya kazi, kisha huwapa cheti. Kipimo hicho kifike kwenye kila karakana ya gereza, Maweni hapa Tanga ikiwemo, na cheti kisitaje mahali mtu alipojifunzia. (Randa na patasi za kuanzia nazo zitafutwe, cheti hakikati ubao.) Hapo hata malalamiko ya mafundi yatapungua makali, maana mfungwa akitoka atakuwa na cha kuwasaidia.

Yule kijana alirudi kesho yake. Fundi amemwachia vipimo vya stuli. Kitanda bado.