Tupime dawa mbilimbili kwa bakteria wa wodi zetu

Sahani ya kupimia dawa mbili za bakteria kwa pamoja ni ya plastiki, inaenea kiganjani, na ina vishimo 96: 8 kwenda chini, 12 kwenda kulia. Dawa ya kwanza unaipunguza nusu kwa nusu kuelekea upande mmoja, ya pili kuelekea upande mwingine, hata kila kishimo kinakuwa na mchanganyiko wake. Kisha unatia bakteria, kiasi kilekile kila mahali, unailaza sahani kwenye inkubeta, kabati la joto, la nyuzi 35 mpaka kesho yake. Kishimo kilichochafuka kama maji ya mchele, humo wameota. Kilichobaki angavu, wameshindwa.

Hesabu yake si ngumu. Dawa zikiwa pamoja, kila moja ikahitaji robo tu ya kiasi ambacho ingehitaji peke yake, robo mbili zinatupa 0.5, na hapo tunasema zinasaidiana. Jumla ikizidi 4, zinapingana. Kupingana si nadharia. Mwaka 1951 iliripotiwa Marekani kwamba wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo waliopewa penisilini pamoja na Aureomycin, dawa ya jamii ya tetrasaiklini, walikufa kwa wingi kuliko waliopewa penisilini peke yake. Penisilini huua bakteria anayekua. Ile nyingine ilikuwa inamsimamisha asikue.

Ninalisema hili kwa sababu ya watoto wachanga. Mtoto akishukiwa kuwa na maambukizi kwenye damu, anaanzishiwa ampisilini na gentamisini, kama WHO inavyoelekeza. Lakini Klebsiella, bakteria ambaye tunakutana naye sana kwenye damu za watoto hawa, kwa asili yake hasikii ampisilini. Kwenye cheti dawa ni mbili, kazini ni moja. Klebsiella huyo akiwa sugu kwa gentamisini pia, mtoto anachomwa sindano kila siku na hana tiba yoyote mwilini.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kusoma majibu ya damu hizo. Jibu kamili lilikuwa linatoka siku ya tatu. Si mara moja wala mbili nimepiga simu wodini kulitoa, nikaambiwa mtoto ameshafariki. Utafiti uliofanyika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa 2007 ulionyesha kuwa katika watoto waliokutwa na bakteria wa kundi la Gram hasi, ambalo Klebsiella yumo, kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, zaidi ya mara mbili ya vifo vya waliokuwa na malaria. Malaria tuliipigia ngoma nchi nzima, na ilistahili. Hawa nani aliwapigia?

Ndiyo maana naitazama Kilifi, Kenya, kwa matumaini. Mwaka 2018 na 2019 watoto wachanga 120 walishiriki pale katika utafiti wa fosfomisini, dawa iliyogunduliwa Hispania 1969, ili kujua usalama wake na kipimo kinachowafaa. Sasa dawa hiyo inajaribiwa ikiwa na wenzake, amikasini mmojawapo. Dawa kongwe, mwenza mpya.

Maabara nayo ina mitego yake. Fosfomisini ukiipima bila kuongeza glukosi-6-fosfeti, sukari inayoisaidia kuingia ndani ya bakteria, itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Na kishimo angavu hakithibitishi kifo: lazima uchukue tone, ulioteshe upya, uone kama walikuwa wamelala tu. Kwa mtoto wa siku mbili, ambaye kinga yake bado changa, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Bakteria tuliowatoa kwenye damu za watoto wa wodi zetu wapo kwenye friza, nyuzi 80 chini ya sifuri, kila kichupa na namba yake. Nataka hospitali zetu za rufaa zipewe fedha za kuwatoa na kuwapima kwa dawa mbilimbili, kila mwaka, na majibu yawafikie wanaoandika mwongozo wa matibabu. Zinahitajika sahani, mtaalamu wa maabara aliyefunzwa kuzisoma, na umeme usiokatika usiku ule mmoja wa inkubeta.