Kabla Hatujazilaumu Halmashauri

Kila mradi wa usafiri unapokwama Dar es Salaam, lawama huenda kwa halmashauri zake tano: zinavutana, kwa hiyo jiji likabidhiwe chombo kimoja chenye nguvu kutoka juu. Hoja hiyo ina uzito. Mwendokasi, yaani mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kutoa huduma Mei 2016, unapita kwenye halmashauri zaidi ya moja, umejengwa kwa mikopo ambayo hakuna halmashauri ingeimudu, na Barabara ya Morogoro unakopita ni barabara kuu ya taifa. Wapo pia maofisa wa halmashauri waliotoa vibali vya ujenzi kwenye mikondo ya maji. Hilo halina utetezi.

Lakini tuangalie madaraka yaliko. Barabara za mitaani zilihamishiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017; barabara kuu ziko TANROADS, wakala wa barabara kuu; leseni za daladala ziko LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini; mwendokasi uko DART, wakala wa mabasi hayo. Vyote ni vyombo vya serikali kuu. Halmashauri ya Jiji iliyoziunganisha manispaa ilivunjwa Februari 2021, hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Halmashauri zimebaki na masoko, vibali na, kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007, kazi ya kupanga ardhi. Anayepanga ardhi hana barabara, na mwenye barabara hapangi ardhi.

Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, ndipo gharama ya mgawanyiko huo inapoonekana. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwahamishia wakazi wa bondeni Mabwepande, pembezoni mwa jiji, ikisema bonde si salama kwa makazi. Katika bonde hilo hilo ikajengwa karakana ya mwendokasi. Mvua kubwa zikinyesha maji yanaingia karakanani, barabara inafungwa, na mtu wa Kimara anayekwenda Kariakoo anakwama upande wa Magomeni. Sasa upo mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2022, wa kujenga daraja jipya na kuihamisha karakana. Tunalipa mara mbili kwa eneo lile lile. Sioni karakana ile ingepitaje kama waliowahamisha watu na waliochora karakana wangelazimika kusaini mpango mmoja.

Halafu nenda kituo cha mwendokasi cha Kimara Mwisho saa moja jioni. Abiria anashuka, anavuka akipenya kati ya meza za wauza matunda, anatafuta bajaji ya Bonyokwa iliyoegeshwa ukingoni mwa barabara. Bajaji ikae wapi, meza zihamie wapi, ghorofa ziruhusiwe umbali gani kutoka kituoni: hayo hayaamuliwi vizuri na mhandisi wa wizara. Mtendaji wa kata anajua njia ipi hugeuka mto masika, na afisa mipangomiji anajua kiwanja kipi bado ni cha umma. Wakiitwa kituo kimeshamalizika, kazi inayobaki kwao ni kuwafukuza wamachinga, na lawama ya hilo pia wanabeba wao.

Chombo cha jiji zima kinahitajika, nakubali. Ila halmashauri ziwe na kura ndani yake, na kisipitishe kituo chochote bila mpango wa ardhi inayokizunguka. Kwenye njia ya mwendokasi ya Tegeta mipango hiyo inahitajika sasa, kabla viwanja vya pembeni havijauzwa. Vikishajengwa, kupata stendi ya bajaji kutadai fidia, na fidia hiyo hakuna halmashauri itakayoimudu.