Kibano, kioo na tarehe

Kupe wangu wa kwanza nilimgundua nikiwa naoga. Mkono ulipita nyuma ya goti ukagusa kitu kidogo, kigumu, kama chunjua ambayo jana yake haikuwapo. Nikakivuta kwa kucha bila kufikiri, kikakatika. Nikaosha, nikajifuta, nikasahau.

Wiki moja baadaye homa ikanishika. Kichwa kilikuwa kinapasuka, tezi za kinenani zikavimba hadi kutembea kukawa kazi. Mahali pa kwanza nilipokwenda walinipima malaria, hawakuiona, wakanipa dawa za malaria hata hivyo. Siku tatu zikapita bila nafuu. Mahali pa pili nilipokelewa na muuguzi mtu mzima ambaye, kabla hajanigusa, aliona ninachechemea. Akaniambia nilale kifudifudi. Nyuma ya goti palikuwa na kidonda kidogo chenye gamba jeusi katikati, mfano wa alama ya kuungua na sigara, na wekundu ukikizunguka.

"Mwanangu, ulipita kwenye nyasi lini?" akauliza.

"Sikumbuki, mama."

Alitikisa kichwa, akaenda kumwita daktari. Niliandikiwa doksisaikilini, dawa ya kuua bakteria, na kufikia siku ya pili homa ilianza kushuka. Nilichoambukizwa ni bakteria wa jamii ya riketsia, na lile gamba jeusi ndilo lililomfichua. Lakini swali lile halijaniacha mpaka leo. Muuguzi hakuuliza nilimtoaje kupe wala nilipaka nini. Aliuliza lini, nami sikuwa na jibu.

Ndiyo maana watu wanaponiuliza dawa gani ya kupe ni nzuri, huwa nawarudisha nyuma kidogo. Dawa zipo na zinasaidia, nitazitaja. Ila kwa maoni yangu tunatumia nguvu nyingi mno kubishana juu ya mbinu za kumtoa kupe, na nguvu kidogo mno kwenye mambo mawili ambayo hayagharimu chochote: kumtafuta mwilini siku hiyo hiyo, na kuandika tarehe.

Kwanza tumjue. Kupe haruki, hana mbawa, wala haanguki kutoka juu ya mti kama wengi wanavyoamini. Kupe wa porini hupanda jani la nyasi au kijiti, hujishika kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele, kama mtu anayesimamisha gari barabarani. Kwenye miguu hiyo ya mbele ana kiungo kinachonusa hewa tunayoitoa puani na kuhisi joto la mwili. Ukipita ukamgusa, ameshadandia. Wapo wengine wasio na subira ya kungoja: wakihisi pumzi hukujia kwa miguu wakikimbia ardhini, kwa hiyo hata ukikaa umetulia chini ya kivuli hujawakwepa.

Akishadandia, hupanda. Mara nyingi huzunguka kwanza, wakati mwingine kwa saa nzima au zaidi, akitafuta ngozi laini yenye joto na unyevu. Akipata, hukata ngozi na kuingiza mdomo wenye vimiba vinavyoelekea nyuma, kisha kupe wengi hutoa ute unaoganda kama saruji kuwashikilia hapo. Mate yake yanazuia damu isigande na yanatuliza ngozi, ndiyo sababu husikii maumivu. Anaweza kunywa siku kadhaa mfululizo. Tunaposema mtu amenata kama kupe, tunasema kitu cha kweli kabisa.

Na asikudanganye yule mkubwa aliyejaa damu ambaye kila mtu anamjua. Anayetoka yaini ana miguu sita tu na ni mdogo kama nukta ya mwisho wa sentensi hii. Akishakunywa mara moja, hujivua ngozi na kuwa na miguu minane, ukubwa wa milimita moja au mbili, na huyu wa katikati ndiye anayewaponyoka watu wengi. Ukimwona kwenye ngozi utadhani ni chembe ya udongo. Chembe ya udongo lakini inafutika.

Sasa mavazi. Suruali ndefu ichomekwe ndani ya soksi na shati ndani ya suruali. Rangi iwe nyepesi ili anayepanda aonekane. Tembea katikati ya njia, si pembeni ambako nyasi zinakugusa. Kuna dawa iitwayo permethrini, ya asilimia 0.5, inayopuliziwa nguo na viatu na kuachwa ikauke kabla ya kuvaa. Hiyo huua kupe, haiwafukuzi tu. Ni ya nguo, narudia, si ya ngozi, na ikiwa mbichi ni sumu kali kwa paka, hivyo anika nguo mbali naye. Ya ngozi ni kama DEET ya asilimia 20 hadi 30, au pikaridini ya asilimia 20. Kama unapaka na mafuta ya kuzuia jua, mafuta hayo yatangulie na dawa ifuate. Watoto wa chini ya miezi miwili wasipakwe, na mtoto yeyote asipakwe viganjani, maana viganja huishia mdomoni.

Ukirudi, nguo zina ujanja wake. Kupe anaweza kustahimili kufuliwa kwa maji baridi, lakini ukavu wenye joto humuua. Kama una mashine ya kukausha, tia nguo kabla ya kuzifua, joto kali, dakika kumi. Kama huna, maji ya moto kweli kweli ndiyo yafanye kazi hiyo.

Halafu ndipo inakuja sehemu ambayo watu huiruka kwa uchovu. Umetembea siku nzima, miguu inauma, unachotaka ni kulala. Hapo hapo, kabla hujalala, vua nguo zote, washa taa, chukua kioo. Kuoga ndani ya saa mbili tangu urudi kunasaidia, kwa kuwa wale ambao bado wanazunguka huoshwa, lakini aliyekwisha ng'ata haoshwi. Huyo anatafutwa kwa vidole. Mimi huanza chini: kati ya vidole vya miguu, kwenye vifundo, nyuma ya magoti, kinenani, mstari wa mkanda, ndani ya kitovu, chini ya matiti, makwapani, nyuma ya masikio na ndani yake, kisogoni, halafu kichwa chote polepole kama mtu anayesuka nywele. Vidole hugundua kabla ya macho. Unapita mkono juu ya ngozi unayoijua, ghafla kuna kijinundu usichokijua.

Mgongo wako huuoni hata kwa kioo kimoja. Mwombe mwenzako. Najua kuna haya katika hili, na nimewaona watu wazima waliosafiri pamoja wakilala bila kuangaliana kwa sababu ya haya hiyo. Dakika tano za aibu ni bora kuliko wiki mbili kitandani. Watoto waangaliwe kila siku, hasa kichwani, bila kungoja walalamike, kwa sababu hawatalalamika. Na mbwa aliyekwenda nanyi naye aangaliwe, masikioni na kati ya vidole, la sivyo atawaletea ndani wale mliowakwepa nje.

Faida ya kumkuta mapema ni kubwa. Kwa ugonjwa wa Lyme, mmoja wa magonjwa ya bakteria yanayoletwa na kupe, kwa kawaida kupe anahitaji zaidi ya saa 24 akiwa amenata ndipo aambukize, kwa sababu bakteria hukaa tumboni mwake na huchukua muda kupanda hadi kwenye mate. Aliyekutwa usiku ule ule mara nyingi hajafika huko. Si magonjwa yote yanayosubiri hivyo: kuna virusi ambavyo tayari vimo kwenye mate yake na huingia mapema sana. Lakini hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuchelewa kumtoa kunakusaidia.

Ukimkuta, mtoe. Usingoje kufika nyumbani wala kufika kwa daktari. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, kile kile cha kutolea miiba. Mshike karibu kabisa na ngozi, kwenye kichwa, si tumboni. Vuta kuelekea juu, taratibu, kwa nguvu moja isiyobadilika, bila kuzungusha na bila kushtua. Ngozi itainuka kidogo kama hema dogo, na moyo utakwambia uache au unyakue. Usifanye lolote kati ya hayo. Endelea hivyo hivyo na baada ya muda ataachia mwenyewe. Osha jeraha na mikono kwa sabuni, au pangusa kwa spiriti.

Kibiriti, sigara, mafuta ya taa, mafuta ya nywele, rangi ya kucha, chumvi: nimeshauriwa yote hayo na watu wanaonipenda. Wazo lao ni kwamba kupe akibanwa pumzi au akiungua atatoka mwenyewe. Kupe hupumua mara chache mno, hata ukimfunika kwa mafuta atachukua saa nyingi kufa, na saa hizo zote bado amenata. Akiungua au akibanwa tumbo anaweza kutapika alichonacho ndani ya kidonda chako, yaani kile kile unachokikimbia. Hapa sina busara ya kusema kila mtu na mbinu yake. Moto na mafuta viachwe.

Mdomo ukikatika ukabaki ndani, jaribu kuutoa kwa kibano kama ni rahisi, na kama si rahisi uache. Ngozi itausukuma nje kama inavyosukuma mwiba. Watu huchimba hapo kwa sindano hadi wanapata jipu ambalo kupe hakulileta.

Sasa tarehe. Usimpasue kupe kwa kucha. Mbandike kwenye utepe wa gundi, au mtie kwenye kichupa, na kando yake andika siku, mahali, na sehemu ya mwili. Mpige picha. Ugonjwa wa Lyme wenyewe ulitambuliwa kwa sehemu kwa sababu ya mtu aliyeandika: katika mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, Marekani, mama mmoja aitwaye Polly Murray aliweka kumbukumbu za maradhi ya familia yake kwa miaka, akaona watoto wengi wa jirani wanavimba viungo vile vile, na mwaka 1975 malalamiko yake pamoja na ya mama mwingine yakawafikisha watafiti mlangoni. Bakteria wenyewe walipatikana baadaye, na mtafiti Willy Burgdorfer na wenzake wakawatangaza mwaka 1982. Daftari la mama lilitangulia maabara.

Na kwako wewe tarehe ina kazi ya moja kwa moja. Kwenye maeneo yenye Lyme, daktari anaweza kutoa dozi moja tu ya doksisaikilini kuzuia ugonjwa, ila iwe ndani ya saa 72 tangu kupe atolewe. Bila tarehe, nafasi hiyo inapotea. Tarehe tena ndiyo inayotofautisha wekundu mdogo wa siku ya kwanza au ya pili, ambao ni ngozi tu inakasirikia kuumwa, na baka linaloanza baadaye, kati ya siku ya 3 na ya 30, likipanuka kila siku. Hilo la pili ni la daktari, na lisingojwe lifanane na shabaha yenye duara ndani ya duara kama picha zinavyoonyesha. Mara nyingi halifanani.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo la kuongeza, na linaniuma kwamba picha nyingi haziligusi. Baka hilo kwenye ngozi yetu linaweza lisiwe jekundu hata kidogo. Linaweza kuwa la zambarau, kahawia iliyokolea, au kama alama ya kugongwa. Kwa hiyo lipime kwa mkono na kwa kalamu: chora mstari kwenye ukingo wake leo, uangalie kesho kama limevuka.

Homa, kichwa kuuma sana, maumivu ya misuli, tezi kuvimba au vipele ndani ya wiki chache baada ya kuumwa, au hata baada ya kutembea porini tu: nenda, na usiseme tu "nina homa". Sema, "Niliumwa na kupe tarehe fulani." Vipimo vya damu vya siku za mwanzo vinaweza kutoonyesha kitu, na kwa magonjwa kadhaa ya kupe daktari mzuri huanza dawa kwa dalili na maelezo yako bila kusubiri majibu. Maelezo hayo ni wewe tu unayeweza kuyaleta. Kama mtu, hasa mtoto, analegea miguu na ulegevu unapanda juu, mtafute kupe mara moja, nywele zote, huku mkikimbilia hospitali. Kuna kupe jike ambaye mate yake hupoozesha, na mara nyingi nguvu hurudi baada ya kumwondoa.

Papasi, aina ya kupe wa majumbani, ni habari nyingine. Huyu hakai kwenye majani bali kwenye nyufa za sakafu na kuta, hutoka usiku, hunywa kwa dakika chache na kurudi, hata ukaguzi wa asubuhi hautamkuta. Huleta homa inayokwenda na kurudi. Mtafiti Joseph Everett Dutton aliipata mwenyewe akiichunguza Kongo na kufariki mwaka 1905, na bakteria wa homa hiyo anaitwa kwa jina la Dutton hadi leo. Ukilala kwenye kibanda kikuukuu cha udongo, kitanda kisogezwe mbali na ukuta na mwili usilale sakafuni.

Mwezi uliopita tulirudi kutoka matembezini na binti yangu akakuta mmoja ubavuni mwake, mdogo kiasi kwamba nilihitaji miwani. Alitaka kumtoa mwenyewe, nikamshikia taa. Alivuta polepole, amebana midomo, hadi akatoka mzima akipunga miguu minane. Akambandika kwenye utepe, akaandika tarehe na neno "ubavu" kwa mwandiko wake mkubwa, akaubandika kwenye kalenda ya ukutani. Leo ni siku ya 23. Kila asubuhi kabla ya shule anainua shati, naangalia, kisha anaweka alama.